Jinsi Nilivyoacha Kuwa Imakulata

Nimeacha kuigiza kwa sababu ya magoti. Nalisema mapema kwa kuwa hapa Bukoba wapo wanaosema nimeokoka, na kule Muleba wapo wanaosema nimefungwa. Ni magoti tu. Mwigizaji wa kike wa huku kwetu hupiga magoti sana: mbele ya mume, mbele ya mama mkwe, mbele ya kaburi, na wingu likipita juu ya jua unapiga tena upya. Sasa nipo nyumbani, na ninyi wadogo zangu wa kikundi mmekuwa mkiniuliza ilikuwaje, basi nawaandikia. Mambo ya tuzo na malipo nitayaruka. Hayakuwa mengi na hayachekeshi.

Nilianza nikiwa muuza vitenge sokoni na mwimba kwaya. Mwalimu Rwechungura, aliyekuwa ameacha kufundisha historia na kuanza kutengeneza filamu za kuuza kwenye CD, alikuja kanisani siku ya maziko ya mtu nisiyemjua. Tulipofika kwenye wimbo wa kuaga nikalia, maana mimi hulia kirahisi, hata kwenye harusi za watu. Baada ya misa akanifuata nje.

"Marehemu alikuwa nani wako?"

"Simjui, Mwalimu."

"Humjui kabisa?"

"Hata jina nimelisikia leo."

"Basi kesho njoo Kahororo," akasema, huku akinitazama kama mtu aliyeokota kitu barabarani.

Nilifika na chakula changu kwenye bakuli, nikidhani ni mtihani. Kamera ilikuwa ya kukodi, pamoja na mwenyewe, mpiga picha za harusi. Alikuwa amezoea kazi yake: mtu akisimama tu anampandisha kamera toka viatuni hadi kichwani, na sahani ya chakula ikipita anaacha kila kitu anaifuata. Cha kurudisha mwanga kilikuwa gunia la kahawa lililobandikwa karatasi za kung'aa za ndani ya pakiti za sigara. Nilipewa kipande kifupi: mume ananiambia ameuza shamba ili aoe mwingine, nami nalia. Nikalia. Mwalimu akasimamisha, akaja akainama karibu na sikio langu.

"Leokadia, kulia kila mtu analia. Wewe lia, halafu mtazame kana kwamba yeye ndiye anayehitaji pole."

Hilo ndilo somo zima la uigizaji alilowahi kunipa. Nimelitumia hadi filamu yangu ya mwisho.

Aliyecheza mume siku ile ni Deusi, fundi cherehani wa palepale Kahororo. Mungu alimpa Deusi nyusi nzito zinazokutana katikati na sauti inayotoka tumboni, halafu kwa ndani akamfanya mtu anayekiomba radhi kiti akikigonga. Baada ya kunitukana mbele ya kamera alikwenda nyuma ya nyumba akatapika. Mwalimu alifurahi sana. Alisema amepata timu yake.

Filamu ilipendwa, na Mwalimu hakuwa mtu wa kubadilisha kinachopendwa. Kwa miaka mingi nikawa Imakulata. Kuna filamu Imakulata alikuwa mke, kuna filamu alikuwa yatima, na mara moja alikuwa mtawa aliyepotea njia ya kwenda Biharamulo, lakini jina lilikuwa lilelile na gauni jeupe lilelile, na mwishoni alisamehe. Gauni jeupe na vumbi letu jekundu haviendani, kwa hiyo nilitembea na chaki ya darasani mfukoni. Doa likitokea unalipaka, kamera haioni kitu. Hilo mlishike, litawafaa. Nilimsamehe Deusi kwa kunichomea nyumba. Nilimsamehe kwa kunisukuma ziwani. Nilimsamehe kwa kuniibia figo moja, na katika filamu iliyofuata kwa kuniibia ile nyingine. Nilimuuliza Mwalimu sasa Imakulata anaishije.

"Kwa imani," akajibu, na tukaendelea.

Shida ilianza watu walipoacha kuniita Leokadia. Sokoni akina mama walinipa watoto wachanga niwashike, nisiseme neno, niwashike tu. Siku moja nilikwenda Kemondo kumsalimia shangazi yangu. Pale karibu na bandari mwanamume mmoja mnene akaacha mizigo yake akanijia.

"Imakulata, nimemkosea mke wangu."

"Pole, kaka. Nenda ukamwombe msamaha."

"Amekataa. Nisamehe wewe."

"Mimi siwezi, mimi si mkeo."

"Ulimsamehe yule wa figo!"

Watu walikuwa wamejaa, wengine wameshaanza kulia. Nikaona njia ya kufika kwa shangazi ni moja tu. Nikasema haya, nimekusamehe. Wakapiga makofi. Kesho yake asubuhi mwanamke alikuja kwa shangazi yangu, ameshika kiuno, hakusalimia.

"Ni wewe uliyemsamehe mume wangu?"

"Aliniomba, dada."

"Unajua alichofanya?"

"Hapana."

"Sasa mbona umemsamehe? Amerudi nyumbani anaimba!"

Shangazi alimpa ndizi mkungu mzima ndipo akaondoka.

Na bia. Wadogo zangu, mimi napenda bia moja ya baridi jua likiwa kali. Niliingia baa moja ya mjini, nikaagiza. Mhudumu akaniletea maziwa. Nikamwambia nimeagiza bia. Akauliza bia ya nani. Nikamwambia yangu. Akashusha sauti: "Dada, usinijaribu. Mimi nina mama mgonjwa." Nikanywa maziwa.

Aliyefaidika ni mama yangu, Ma Paskazia. Alikuwa mjane wa kawaida wa Kahororo mwenye kibanja cha ndizi na ulimi mkali. Ghafla akawa mama yake Imakulata. Kanisani alisogezwa hadi benchi la mbele. Kwenye vikao vya harusi aliombwa aseme neno, naye akaanza kuongea polepole kama askofu. Siku moja nilimkuta sebuleni na mabinti wa jirani, anawaeleza jinsi alivyonilea. Nilisimama mlangoni nikasikiliza malezi ambayo sikuyapata. Walipoondoka nikamwambia nimechoka kuwa mtakatifu, nataka kucheza mtu.

"Mtu yupi?"

"Yeyote. Hata mbaya."

Mama akafunga kanga yake upya. "Mbaya utakuwa ukifika kwako. Hapa kwangu wewe ni Imakulata."

Mwaka ule Mwalimu Rwechungura alianza kuugua miguu, akahamia kwa mwanawe Mwanza, na filamu za Imakulata zikakauka. Ndipo akaja Jovina, binti wa Muleba aliyekuwa amesomea mambo ya picha, mfupi, mwenye haraka, anayekula akiwa amesimama. Alikuwa na hadithi ya mjane aitwaye Anatolia aliyezika waume watatu kwa jeneza moja. Jeneza lilikuwa na mlango chini. Mume anashuka kaburini, jeneza linarudi nyumbani. Waume wote alikuwa amewaua yeye. Jovina alitaka nimcheze Anatolia.

Nilimpigia simu Mwalimu kuomba ruhusa, kama mtu anayeomba talaka. Nikamsimulia hadithi yenyewe.

"Imakulata anazika waume watatu kwa jeneza moja?"

"Si Imakulata, Mwalimu. Anaitwa Anatolia."

"Jeneza lenyewe la mbao gani?"

"Mninga."

"Basi hapo namwelewa," akasema. "Nenda."

Deusi naye alikuja kunisihi, kwa sababu zake. Kwa miaka yote ile wateja wake hawakuwahi kumwachia kitambaa. Walisimama palepale dukani hadi sindano imalize, kisha wananyakua nguo. Alishazoea. Lakini sasa binti yake Renata alikuwa ameposwa na kijana wa kijiji kimoja cha Muleba, na baba wa kijana, Mzee Kamugisha, alikuwa ametuma ujumbe kwamba kijana wake hana neno, binti hana neno, ila kabla ya mahari wangependa kujua huyo mkwe alizipeleka wapi zile figo.

"Leokadia, niombee kwa Jovina nicheze mtu mwema," akasema, akipima mikono yake mwenyewe kwa futi ya kitambaa bila kujua. "Mara moja tu. Na tukapigie kulekule kwa Mzee Kamugisha, anione kwa macho yake."

Jovina akakubali. Deusi akawa shemeji wa marehemu, mtu mnyofu anayegundua siri ya jeneza.

Kijiji kizima kilikuja kuwa waombolezaji. Mzee Kamugisha, ambaye pia ndiye mwenyekiti wa kitongoji, alipewa nafasi ya kuwaongoza. Jeneza tuliliazima kwa fundi wa Muleba mjini, akalikata mlango chini, kwa sharti kwamba akipata mteja wa kweli tulirudishe mara moja aupigilie misumari, hata katikati ya tukio. Tuliliweka juu ya vigoda viwili, na ndani yake alilala marehemu wetu, Feli, dereva wa bodaboda, mume wangu wa tatu. Jovina alieleza kila kitu vizuri: Deusi atasema siri, watu watakasirika, watanifukuza hadi barabarani.

Kamera ikaanza. Mimi nikiwa na kanga nyeusi kichwani. Deusi akasogea mbele, akaninyooshea kidole, na kwa ile sauti yake ya tumboni akasema, "Ndugu zangu, jeneza hili ni lilelile! Mwanamke huyu amewaua wote!"

Migomba ikatikisika kidogo. Kisha bibi mmoja wa mstari wa mbele akasema kwa sauti ya wazi, "Mwongo."

"Mwongo mkubwa," mwingine akadakia. "Tunamjua!"

Mzee Kamugisha akanyoosha fimbo. "Simamisheni kamera. Binti, wewe njoo ukae hapa kivulini. Wewe," akamgeukia Deusi, "usiondoke."

Wanaume wawili wakasimama kushoto na kulia kwa Deusi. Jovina akaja mbio. "Mzee, mbona mmeacha? Mnatakiwa mumfukuze mjane."

"Tumesikia. Tumfukuze kwa kosa gani?"

"Ameua waume watatu!"

"Nani ameona?"

"Mzee, ni filamu!"

"Najua ni filamu, waitu, ndugu yetu. Mimi si mtoto. Lakini hata kwenye filamu mtu asionewe."

Wakakaa kikao. Wakavuta mabenchi, wakalizunguka jeneza. Feli akasukuma kifuniko akauliza kama anaweza kutoka, wakamwambia asubiri, yeye ni shahidi. Mzee Kamugisha akamhoji akiwa amelala vilevile.

"Wewe ulikufa kwa nini?"

"Sikuambiwa, Mzee."

"Huyu mke alikuwa anakupa chakula?"

"Alinipa."

"Kizuri?"

Feli akafikiri. Asubuhi tulikuwa tumepiga picha ya kifungua kinywa, ndizi na maharage. "Kizuri," akasema. "Chumvi tu ndiyo kidogo."

Wazee wakanong'ona. Jovina alikuwa amekaa chini, ameshika kichwa, jua linakwenda. Hatimaye mwenyekiti akasimama, akavua kofia.

"Kikao kimeona kwamba Imakulata hana hatia. Marehemu alikufa kwa kazi ya Mungu. Huyu shemeji ndiye aondoke kijijini, na yale mazungumzo mengine na familia yake," hapo akamtazama Deusi, "tutayaangalia upya."

Mnaweza kucheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilimwona Deusi. Hakubisha. Alisimama katikati ya walinzi wake, nyusi zimeshuka, mtu aliyekuja kuonekana mwema kwa mara moja tu maishani, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Leokadia, hata leo?" Nikahisi hasira ambayo sikuwahi kuihisi kazini. Sikuwakasirikia wale watu. Nilimkasirikia yule mwanamke wa gauni jeupe, aliyekaa mwilini mwangu miaka yote kama mgeni asiyeaga.

Nikamwambia Jovina, "Washa kamera, na usizime hata nikikwambia."

Nikaenda kwenye jeneza. Nikamwambia Feli alale. Nikafunga kifuniko, nikakaa juu yake, nikakunja nne. Nikaomba sahani. Wapishi wa msiba wetu walikuwa wamepika kweli, ndizi na samaki, na juu yake senene wa kukaanga. Nikaletewa. Nikala. Nikala polepole, natafuna senene mmoja mmoja, kila mtu akisikia. Mtu mmoja akajikohoza. Nilipomaliza nikajifuta vidole kwenye kanga ya msiba, nikawatazama wote, kama Mwalimu alivyonifundisha, kana kwamba wao ndio wanaohitaji pole.

Kisha nikamwendea Deusi, nikamvua ile futi ya kitambaa aliyozoea kuitundika shingoni, nikasimama mbele ya Mzee Kamugisha.

"Mzee, mama watoto alifariki lini?"

"Miaka mingi sasa," akasema. Alikuwa bado anatabasamu kidogo.

"Pole sana. Na kijana anaoa karibuni, nasikia. Utabaki peke yako."

"Ndiyo..."

Nikaizungusha futi mabegani mwake, taratibu, kama mke. Nikageuka kulitazama jeneza. Nikamgeukia tena.

"Mabega yatapita," nikamwambia. "Miguu tutaikunja."

Sijui kama mmewahi kusikia watu wengi wakivuta pumzi kwa pamoja. "Mawe, mama yangu!" akalia yule bibi wa mstari wa mbele, na Mzee Kamugisha akaruka benchi kwa mguu mmoja, mzee yule, na fimbo ikaanguka. Halafu wakaja. Hawakuwa wakiigiza tena. Nikavua viatu nikakimbia.

Nilipita kwenye kibanja cha mtu, nikaruka mfereji, kanga ikabaki kwenye mti wa kahawa. Nyuma nilisikia sauti ya Deusi ikinguruma, "Msimpige! Jamani, msimpige, ana watu wake!" Alikuwa amewatangulia, akageuka, akatanua mikono katikati ya njia, na kijiji kizima kikamgonga. Aling'ang'ania hapohapo kama nguzo ya geti. Hiyo ndiyo iliyonipa nafasi ya kufika barabarani, na pale barabarani pikipiki ikanifungia breki miguuni. Ni Feli. Alikuwa ametoka kwenye jeneza kwa ule mlango wa chini.

"Panda, mke wangu," akasema.

Tukaondoka. Mpiga picha alipata vyote, na Jovina hakukata kitu. Kwa hiyo filamu inaisha mjane akitoroka na mume aliyemzika, na mpaka leo watu wananiuliza maana yake. Mtu mmoja wa Dar es Salaam, msomi, alinieleza kirefu kwamba ni picha ya ndoa. Nikamshukuru.

Deusi alishonwa nyuzi kichwani kwenye zahanati, na aliyemshika mkono wakati wa sindano ni Mzee Kamugisha mwenyewe. Posa ikaendelea. Filamu ilipotoka, Deusi akawa mtu mwema wa mkoa mzima. Wateja walimwachia vitambaa kwa marundo, na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumdai mtu mwema kama yule, akaanza kuchelewesha. Sasa ni fundi mwongo kuliko wote Bukoba, na anapendwa. Kwenye harusi ya Renata nilialikwa, nikawekewa meza yangu peke yangu karibu na jenereta. Mzee Kamugisha alinitumia chakula kwa mtu, na yeye alinipungia mkono akiwa mbali, amekaa, ili nisimwone urefu.

Baada ya Anatolia nilipata kila kitu. Nilikuwa mganga tapeli, hakimu mla rushwa, mama mkwe, na mara mbili nilikuwa shetani mwenyewe, sauti tu. Nilifanya kazi na watu wazuri, wengine wenu mmo humu. Ushauri wangu kwa anayecheza mtu mbaya ni mdogo: ule vizuri kabla ya tukio na usikunje uso. Watu wanaokunja uso hawamtishi mtu. Na ujue njia ya kutokea.

Aliyelipia ni mama. Kanisani benchi la mbele walisema limejaa. Mabinti wa jirani waliacha kuja. Alikwenda kuiangalia filamu kwenye ukumbi wa mjini, akatoka katikati, na kwa muda mrefu nilipomtembelea alinipokea uani kama muuza chumvi. Hakunitukana. Aliniuliza habari za barabara. Hilo lilinichoma kuliko fimbo zote za Muleba, na wakati mwingine nikiwa njiani kurudi nilijiuliza kama jeneza lile lilistahili bei hiyo.

Juzi nilikwenda kumwambia nimestaafu. Ni mzee sasa, macho yamepungua, lakini bado anapika mwenyewe na hataki msaada. Nilimkuta jikoni, amekaa kwenye kigoda, mkungu wa ndizi mbele yake. Nikasalimia, nikamwambia, "Mama, nimeacha filamu. Nimerudi nyumbani."

Akaendelea kumenya. "Nani karudi? Yule wa kusamehe au yule wa kupima watu?"

"Wote nimewaacha. Nimekuja mimi."

Akasimamisha kisu. Akanielekezea uso muda mrefu, kama mtu anayetafuta jina.

"Huyo simfahamu vizuri," akasema. Kisha akasogeza miguu yake, akanisukumia kigoda cha pili na kisu chake. "Akae. Amenye ndizi, tumwone."